Sauti ya Kiume Kwenye Chumba cha Cherehani

Shangazi mpendwa, nisaidie, na kabla hujanisaidia nakuomba usinicheke, maana waliokwisha kunicheka wanatosha.

Mimi ni fundi wa nguo za kike na sare za shule, nina chumba changu cha kushonea kilichoungana na sebule, kina mlango wa barabarani wa wateja na mlango wa ndani wa kuingia kwetu, mume wangu ni fundi wa milango ya chuma na makufuli na karakana yake iko nyumba ya tatu kutoka hapa, na tangu mwanzo wa mwaka huu tunaishi na mama yake, ambaye sina ubaya naye hata kidogo, mama mcheshi, anakula ninachopika na anasifu, ila ana masikio, Shangazi, sindano ikianguka zuliani yeye akiwa uani anauliza nani kaangusha nini.

Shida yangu ni simu. Ninazo mbili, na mume wangu alikuwa anajua ninayo moja, mpaka Jumanne ya juzi.

Nianzie mbali kidogo. Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, tulizaliwa wawili tu, yeye akapewa kichwa cha kompyuta na mimi nikapewa mikono. Alikuwa akiniona naandika vipimo vya wateja kwa chaki mezani na kwenye vipande vya maboksi ya uzi, vinapotea, vinachanganyika, mpaka siku moja nikamshonea mwalimu mkuu sketi kwa vipimo vya mwanafunzi wa darasa la sita, na mwalimu mkuu ni mama mwenye mwili wake. Mdogo wangu alicheka wiki nzima, halafu akanitengenezea programu ya simu. Naweka simu mezani, futi iko mikononi, simu inasema, "Bega," nasema namba, inaandika, inasema, "Kifua," nasema namba, inaandika, hivyo hivyo mpaka kwenye pindo, na kila mteja ana ukurasa wake kwa jina lake. Sauti ni yake mwenyewe, aliirekodi akiwa amekaa juu ya meza yangu ya kukatia huku akitafuna karanga, na ukisikiliza vizuri kwenye "nyonga" karanga inasikika. Isiposikia namba inasema, "Rudia, Sindano, sikusikia." Sindano ndilo jina alilonipa tangu utotoni, kwa wembamba niliokuwa nao zamani na mdomo nilionao mpaka leo. Ukimaliza inasema, "Umemaliza. Nyoosha mgongo."

Mdogo wangu alifariki miaka minne iliyopita, homa ya siku sita tu. Mume wangu nilimpata baada ya hapo, hawakuonana.

Sasa simu ile ni ya aina ya wazi, unaweka programu kutoka popote, iwe dukani kwao au kwa mtu tu aliyekutumia, na ndiyo maana mdogo wangu aliniwekea ya kwake bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Lakini mlango aliopitia mdogo wangu na wengine wanaupitia. Miezi mitano iliyopita nilitumiwa linki, "mitindo mipya elfu moja ya magauni, bure," nikabonyeza, simu ikanionya, nikabonyeza tena, ikauliza nina uhakika, nikasema ninao. Kesho yake asubuhi simu yangu ikawatumia watu wote niliowahifadhi tangazo la dawa ya nguvu za kiume, kwa jina langu, na maneno yanasema, "Usiteseke kimya kimya, mimi imenisaidia nyumbani kwangu." Alilipata mwalimu mkuu, akalipata mwenye duka la vitambaa, akalipata bibi harusi aliyekuwa anakuja kujaribu gauni siku hiyo hiyo, na akalipata mama mkwe, ambaye aliusoma ujumbe taratibu, akavaa viatu, akaenda mpaka karakana, na mbele ya wateja wawili waliokuja kuchukua geti lao akamwambia mwanawe, "Baba, kama unaumwa, kwa nini nijulishwe kwa simu?"

Unaweza kufikiria mwenyewe jioni ile nyumba yetu ilivyokuwa. Mume wangu hakupiga kelele, angepiga kelele ningeelewa, alikaa kimya siku tatu, ya nne akarudi na simu mpya, ya ile aina iliyofungwa, akaniwekea mkononi akasema, "Hii haiingii kitu ambacho wenyewe hawajakikagua. Ile nyingine itoe humu ndani." Na mimi nikamwambia nimempa fundi simu aichomoe vipuri.

Nilidanganya, Shangazi. Niliificha kwenye gunia la mabaki ya vitambaa.

Nikiri ukweli, simu mpya ni nzuri, tangu niipate sijapata ujumbe wa ajabu, picha zake za nguo zinaonyesha mpaka mshono, na mume wangu analala vizuri. Nilikwenda dukani nikaomba wanihamishie programu ya mdogo wangu, yule kijana wa kaunta akaniambia, "Mama, simu hii haipokei kitu ambacho hakipo kwenye duka lao, na hata ingepokea, programu hii imeandikwa kwa mfumo mwingine, mpaka aliyeitengeneza aiandike upya." Nikamwambia aliyeitengeneza hayupo. Akasema nimpigie. Nikatoka.

Kwa hiyo miezi hii yote nimekuwa napokea wateja kwa simu mpya na kuwapima kwa simu ya guniani, hedifoni sikioni ili asisikie mtu. Simu yenyewe imezeeka, betri imevimba mpaka mgongo umeinuka, nimeifunga kwa lastiki ya kiunoni. Na si wateja tu. Kuna mchana ambao sina mteja, nafunga milango yote miwili, nashusha pazia, najipima mwenyewe, gauni silishoni, nataka tu aniulize na mimi nimjibu.

Jumanne hiyo nilikuwa nimekata waya wa hedifoni kwa mkasi pamoja na pindo la gauni. Nikasema moyoni, mama mkwe amelala, nitaweka sauti ndogo. Mama mkwe hakuwa amelala. Amekaa sebuleni anasikia mkwewe amejifungia, na sauti ya mwanaume inasema, "Kifua. Kiuno. Nyonga." Halafu, "Rudia, Sindano, sikusikia."

Mama mkwe akamwita mwanawe, na mume wangu alifika na nyundo mkononi, nadhani alitoka nayo tu bila kuiona. Nikafungua, futi imenizunguka nyonga. Akaangalia chini ya meza, akaangalia nyuma ya majora ya kitambaa, akafunua hata sanamu la kuvalishia nguo. Akaniuliza nani alikuwa humu. Nikasema ni redio. Na kutoka guniani, mahali nilipoitupa kwa haraka, ikasema, "Rudia, Sindano, sikusikia."

Tangu siku hiyo anasema maneno mawili tu, asubuhi na jioni: mwisho wa mwezi anataka simu moja ndani ya nyumba hii, na jina la huyo mtu. Mama mkwe ananiangalia kwa huruma, na huruma hiyo inaniuma kuliko nyundo. Najua ningesema tu ni mdogo wangu, lakini kila nikifungua mdomo naona kwanza nitakiri uongo wa miezi mitano, halafu nitalia, halafu ataniambia marehemu aachwe apumzike, na simu itapondwa.

Shangazi, nakuambia mapema ili usipoteze wino, simu ile siitoi. Ndoa pia siitoi. Sikuombi unichagulie kimoja, nakuomba unionyeshe njia ya kubaki na vyote viwili, maana nimeamua, ila sijui nianzie wapi.

Ni mimi,
Fundi Mwenye Simu Mbili

SHANGAZI ANAJIBU

Wewe Sindano,

Uliniomba nisicheke na nimeshindwa, pale kwenye geti na pale kwenye sanamu. Halafu nikasoma tena sehemu ya mchana usio na mteja, nikavua miwani, nikaenda kusimama dirishani. Pole sana, mwanangu. Pole ya kweli. Mtu akifiwa na ndugu pekee aliyekuwa anamwita kwa jina la utotoni, na jina lenyewe huzikwa naye, na wewe ulikuwa na bahati ya kubaki na kipande. Ningekuwa wewe na mimi nisingekitoa.

Basi, pole imekwisha. Sasa nikugombeze.

Kwanza, betri. Umeandika juu ya mume, juu ya mama mkwe, juu ya nyundo, na katikati ukapitisha kama jambo dogo kwamba simu ina betri iliyovimba na unaihifadhi ndani ya gunia la vitambaa. Unataka kuunguza nyumba? Betri ikivimba haifungwi lastiki, inatolewa. Ukimaliza kusoma mstari huu weka gazeti chini, zima simu hiyo, itoe guniani, iweke juu ya sakafu tupu mbali na nguo, na usiichaji tena. Nitakusubiri.

Umerudi? Tuendelee.

Mume wako umemdanganya, na hilo hujaliandika kwa kulificha, nakupa heshima yako. Lakini kuna watu wengine umewapita kimya. Wateja wako. Programu ile uliyoikaribisha kwa mikono yako mwenyewe iliweza kuyafikia majina yote na namba zote, na hakuna ajuaye kama haikufika mpaka kwenye vipimo. Mwanamke akisimama mbele ya fundi na kuinua mikono, anakukabidhi siri ya mwili wake, na wengine hata waume zao hawajui kiuno chao ni namba ngapi. Uliwaambia kilichotokea? Au ulisema tu "simu iliharibika"? Nadhani nalijua jibu. Utawaambia, mmoja mmoja, na wasibonyeze ule ujumbe kama bado wanao.

Sasa juu ya hizo simu. Nilishuka kwa fundi simu wa chini ya ofisi yetu, mwanamke asiyependa maneno mengi, nikamsomea barua yako bila kumtajia mtu. Akanyoosha bisibisi kama mwalimu na chaki. Alichosema ni hiki, nakupa kwa lugha yangu.

Simu ya wazi ilikuruhusu kupokea zawadi ya ndugu yako, ambayo hakuna duka duniani lingeihangaikia, programu ya mtu mmoja kwa ajili ya dada mmoja. Simu hiyo hiyo ilikuruhusu kumkaribisha mwizi. Na haikukusaliti, mwanangu, ilikuonya mara mbili, ukaiambia una uhakika. Anayetaka kushika ufunguo wake mwenyewe akubali na kazi ya kuuliza "nani?" kabla hajafungua. Wewe uliutaka ufunguo, kazi ukaikimbia. Isitoshe, akasema fundi, simu ya umri huo haitumiwi tena marekebisho ya usalama na walioitengeneza, kwa hiyo hata ukiwa makini, ukiunganisha tu na mtandao umeacha dirisha.

Simu iliyofungwa inakulinda kweli, usiidharau kwa sababu ya uchungu. Wako wakaguzi wake, hawakamati kila kitu lakini wanakamata mengi, na kwa mtu anayebonyeza kila linki yenye gauni, ni baraka. Ila wakaguzi hao hawakujui. Hawajui tofauti ya mwizi na mdogo wako. Wote wawili wamefika mlangoni bila kibali, wote wawili wamerudishwa. Na siku wakiamua kuondoa kitu unachokitegemea, hutaulizwa.

Haya mwambie mume wako, maana kwa kazi yake atayaelewa kuliko mimi. Mwulize swali moja tu: "Ukimaliza kumtengenezea mteja geti, ufunguo anabaki nao nani?" Najua atakachojibu, hakuna fundi wa makufuli mwenye heshima anayeondoka na ufunguo wa nyumba ya mtu. Halafu usimbishie, mwambie alifanya vizuri kukununulia simu ile. Alifanya vizuri kweli. Mtu aliyedhalilishwa mbele ya wateja wake kwa jambo ambalo hata si la kweli, akakaa kimya siku tatu, akarudi na zawadi badala ya matusi, huyo si wa kuambiwa "ni redio."

Kwa hiyo sikuchagulii. Simu zote mbili zinabaki, lakini kila moja kwa kazi yake, na hakuna hata moja itakayokaa guniani.

Tafuta fundi simu anayeaminika, na usimwachie simu, kaa hapo hapo umtazame. Abadilishe betri kabla ya lolote. Halafu mwambie hivi, na umwambie kwa sauti: hakuna kufuta. Mafundi wengi dawa yao ni moja, wanairudisha simu ilivyotoka kiwandani, na ikirudi ilivyotoka kiwandani mdogo wako hayumo. Fundi akilitamka neno hilo, mnyang'anye simu utoke. Kwanza atoe nakala ya programu yenyewe, nakala za zile sauti, na daftari la vipimo. Aziweke sehemu mbili, kwenye fleshi utakayoifungia kabatini na kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini. Miaka minne sauti ya marehemu iko kwenye simu moja yenye lastiki! Ingeanguka kwenye ndoo ya maji ungeniandikia barua gani?

Baada ya nakala ndipo aing'oe ile takataka ya magauni elfu moja. Kisha laini itoke, intaneti izimwe, na isiwashwe tena kamwe. Kuanzia hapo si simu, ni kifaa cha kazi, kikae mezani pamoja na mkasi na pasi. Haipigi, haipokei, haitumi tangazo la dawa yoyote kwa mama wa mtu. Maneno ya siri uliyokuwa unatumia kwenye simu hiyo yabadilishe yote, kwa kutumia simu mpya. Kupiga, kupokea, picha na wateja, vyote kwenye simu mpya, na linki usizibonyeze hata kwenye hiyo, kwa sababu ukuta mrefu haumsaidii mtu anayefungua geti kwa kila anayebisha.

Fundi wangu aliongeza jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Akasema, "Simu mpya haiwezi kuipokea programu, sawa, lakini ina kinasa sauti." Weka simu mbili mezani, ya zamani iseme, mpya inase. Bega mpaka pindo, na karanga yake. Haitaandika vipimo, lakini sauti hiyo itaingia kwenye simu iliyofungwa na hakuna mkaguzi atakayeirudisha.

Na baadaye, usiseme baadaye sana, mtafute kijana au binti anayejua kazi hiyo aandike programu upya kwa sauti zile zile. Simu ya zamani itakufa siku moja, hata ukiipenda. Jiandae kabla haijakulazimisha.

Limebaki lile unalolikimbia.

Umesema utamwambia mume wako, utalia, naye atasema marehemu aachwe apumzike. Hajasema. Umemsemea wewe, umemhukumu wewe, na adhabu umempa wewe, ya miezi mitano. Unaishi na mwanaume ambaye hamjui kabisa mtu uliyempenda kuliko wote kabla yake, kisha unashangaa anapomtafuta chini ya meza. Alikuwa anamtafuta mtu wa kweli, mwanangu. Na alikuwemo, wewe tu hukumtambulisha.

Usisubiri mwisho wa mwezi. Betri mpya ikishaingia, siku hiyo hiyo mchana, fungua milango yote miwili na upandishe pazia. Mwite mume wako kutoka karakana, aache nyundo. Sema kwanza, kwa maneno machache, "Nilikudanganya, simu sikuitoa, na nitakuonyesha kwa nini." Ukilia, lia, hakuna aliyekufa kwa machozi. Usianze kueleza habari za mifumo, atachoka. Mwambie mama mkwe asimame katikati ya chumba, ainue mikono, kwa sababu huyo mama ametoka kwenda karakana kwa ajili ya afya ya mwanawe na amekuangalia kwa huruma wakati angeweza kukuangalia kwa macho mengine, na kwa hayo mawili anastahili gauni.

Weka simu mezani. Usivae hedifoni, na mpya usinunue. Acha iseme bega, iseme kifua, iseme kiuno, masikio yale yasikie karanga kwenye nyonga. Mume wako aliuliza jina, basi mtajie jina la shemeji yake, taratibu, mara moja. Namba isipotoka, na simu ikasema, "Rudia, Sindano, sikusikia," vuta pumzi, mwanangu, na urudie kwa nguvu, ili safari hii nyumba nzima isikie.